Nionyeshe Nyumba ya Jana Jioni

"Verna, mbona madirisha yako yanatoka jasho na sisi wenzako tunatetemeka?"

Swali hilo Bi Verna Odgers aliulizwa na jirani yake, Mirjana, mwezi Juni, ambao huku kusini mwa dunia ni wa baridi kali, kila mmoja akiwa amesimama upande wake wa uzio. Bi Verna alicheka. Alisema nyumba yake ina joto kwa sababu yeye anajua kuitunza. Mirjana hakucheka. Alirudi ndani, akatafuta namba ya fundi gesi kwenye karatasi aliyoibandika mlangoni mwa friji, akapiga simu.

Ndiyo sababu leo Jumanne, saa mbili asubuhi, umande ukiwa bado umeganda juu ya nyasi za mtaa wa Redan hapa mjini Ballarat, fundi gesi Glenys Trewhella amepiga magoti mbele ya meko ya gesi sebuleni kwa Bi Verna. Tochi ameing'ata kwa meno. Mikono yote miwili imezama ndani ya meko.

"Usije ukaimeza hiyo tochi," Bi Verna anamwambia. "Sina ya kukulipa."

"Nikiimeza, angalau daktari ataona vizuri," Glenys anajibu, maneno yakipenya pembeni mwa tochi.

Glenys ni mwanamke wa miaka sitini na mmoja, na arobaini na miwili kati ya hiyo ameitumia chini ya nyumba za watu, juu ya mapaa yao na mbele ya meko zao. Alipoanza kazi, wenye nyumba walikuwa wakifungua mlango na kuangalia nyuma yake kumtafuta fundi mwenyewe. Sasa nywele zimekuwa nyeupe, magoti yanalia kila anapoinuka, na hakuna tena anayemtafuta mtu mwingine nyuma yake.

Kwa kukagua na kusafisha meko moja hutoza takriban dola mia mbili. Mwezi Julai huingia nyumba tano kwa siku. Januari huenda akapata mbili kwa wiki nzima.

"Januari nakaa nyumbani namenya njegere," anasema. "Ndio wakati mzuri wa kuitazama meko, haiwaki, haina haraka. Lakini nani anakumbuka moto wakati wa jua? Wananikumbuka vidole vikishakufa ganzi."

Kazi anaifanya polepole, kama anayemwogesha mtoto. Kwanza amefunga gesi na kuhakikisha meko imepoa. Amekitoa kioo cha mbele na kukiweka juu ya gazeti. Ameondoa magogo ya bandia moja moja, yale ya udongo mgumu yaliyochongwa yafanane na kuni, akafyonza vumbi na nywele za paka kwenye vijitundu vya gesi. Anayatazama magogo kwa makini. Mawili yana masizi meusi upande wa chini.

"Bi Verna, nani ameyahamisha haya?"

"Mimi. Yalikuwa yamekaa kama wanajeshi kwenye gwaride. Nikayapanga kama kuni za kwetu, enzi za baba."

"Yamependeza," Glenys anasema. "Lakini kila gogo lina mahali pake. Ukililaza juu ya moto, moto unasongwa, hauwaki vizuri. Ndiyo masizi haya. Na pale penye masizi kuna hewa ya sumu, ile isiyo na rangi wala harufu. Wala haikohozeshi mtu. Inakulaza tu."

"Moto wa kuni ulikuwa na adabu zaidi," Bi Verna anasema. "Ukikasirika, ulikutoa machozi ukajua."

Glenys anacheka, lakini anaandika kitu kwenye daftari lake. Meko hii mara ya mwisho ilikaguliwa miaka tisa iliyopita, marehemu Neville, mume wa Bi Verna, akiwa hai. Ushauri ni kila baada ya miaka miwili. Anaandika hilo pia.

Kisha anarudisha kila kitu mahali pake, isipokuwa magogo, ambayo anayaweka vilevile Bi Verna alivyoyapanga. Anataka kuiona meko inavyowaka siku zote kabla hajairekebisha. Anaiwasha. Anachomoa kijiti cha moshi, anakiwasha ncha na kukisogeza juu ya kioo. Moshi unakwenda moja kwa moja kwenye dohani, lile bomba la kutolea moshi, kama mtu anayejua njia ya kwao. Kipimo cha sumu alichokining'iniza shingoni kinasoma sifuri. Dakika kumi. Bado sifuri.

Hapo ndipo gari linasimama nje na Leith anaingia.

Leith ni mtoto pekee wa Bi Verna, mwanamume wa miaka hamsini na mitatu, mwalimu wa hesabu. Anambusu mama yake kwenye paji la uso na kutazama huku na huku.

"Mama, madirisha yote wazi? Unataka kuganda?"

"Fundi amekuja. Nyumba lazima ipate hewa. Tangu saa kumi na mbili nimefungua."

"Fundi, hali ikoje?"

"Kwa sasa haitoi kitu," Glenys anasema. "Sifuri."

Leith anashusha pumzi, na si ya furaha. "Nilijua. Mashine haina tatizo." Anapunguza sauti. "Ni umri."

"Masikio yangu hayajafikia umri huo," Bi Verna anasema kutoka kwenye kiti chake.

Leith anavuta kiti, anaketi karibu naye. Si mtu mkali. Anaeleza kama anayesoma orodha ambayo imemchosha yeye mwenyewe. Tangu Mei mama yake amekuwa akiweka birika kwenye friji. Alimsahau jina mkewe Leith, ambaye amekuwa mkwe wake kwa miaka ishirini na sita. Kanisani alisimama kuimba wimbo aliouimba tangu utotoni, maneno yakamkimbia, akakaa chini akalia. Mara mbili ameanguka ukumbini. Kwenye nyumba ya wazee huko Buninyong wana chumba kimoja, kinatazama bustani. Wamekishikilia mpaka Ijumaa. Ijumaa wasiposaini, kinakwenda kwa mwingine.

"Nataka awe salama," anasema. "Basi."

"Na mimi nataka kufia kitandani kwangu," Bi Verna anasema. "Basi."

Wanatazamana, mama na mwana, macho yale yale ya kijivu pande zote mbili. Glenys anajifanya kupanga bisibisi zake.

Fundi gesi huingia kwenye nyumba za watu wakati mambo yao yako mezani. Glenys amejifunza kunyamaza na kuangalia. Anaangalia sasa. Juu ya ukuta, karibu na dari, kuna tundu la hewa lenye wavu wa chuma, na wavu huo una vumbi kila mahali isipokuwa katikati, ambapo pamefutika kwa duara. Pazia la mlango wa ukumbini lina pini sita zilizochomekwa pembeni, tayari kwa kazi. Kochi lina bonde la mtu aliyelala. Na nyuma ya kochi, vimelundikana kama vimetupwa kwa haraka, vifuko virefu vya kitambaa vyenye macho ya vifungo vinamtazama.

Hao ni nyoka wa mlango. Mjini hapa kila nyumba inao: mfuko mrefu uliojazwa mchanga, unalazwa chini ya mlango kuzuia upepo. Wa Bi Verna ndio wanaosifika zaidi. Tangu Neville afariki ameshona zaidi ya mia tatu, na karibu wote huuzwa kwenye soko la hisani la kanisa.

"Bi Verna," Glenys anauliza, "kichwa kinauma wakati gani?"

"Jioni. Na nikiamka."

"Jumapili?"

"Jumapili nikifika kanisani kinaachia."

"Na ukilala nje ya nyumba hii?"

Bi Verna anafikiri. "Juzijuzi, arusini mjini Geelong, siku nne. Sikuumwa hata siku moja. Nilicheza dansi na baba wa bwana arusi mpaka mkewe akaninunia."

Leith anainua kichwa. Hilo hakulijua.

Glenys anainuka, magoti yakilalamika. Anasema maneno ambayo wateja wake wa Ballarat wamekwisha kuyazoea, wengine humtania kwayo.

"Sasa nionyeshe nyumba ya jana jioni."

"Nyumba ni hii."

"Hii ni ya leo asubuhi. Umeiandaa kwa ajili yangu. Nirudishie ile ya jana."

Uso wa Bi Verna unawaka. Anavuta sweta lake kifuani. "Mwanangu, umeitwa utengeneze meko. Hukuitwa uje kuchungulia ninavyolala."

"Mama, anamaanisha nini?"

"Hamaanishi kitu. Amemaliza. Mpe kikombe cha chai aende zake."

Na Glenys angeweza kwenda. Sifuri ni sifuri. Karatasi ingejazwa, sahihi ingewekwa, na hakuna ofisi yoyote ambayo ingemuuliza. Badala yake anaketi kwenye ukingo wa jiwe la meko, pedi za magotini zikiwa bado zimemkaba, na anawasimulia mama na mwana jambo ambalo, kwa maelezo yake, hulisimulia pale tu anapolazimika.

Miaka kumi na minne iliyopita aliitwa kwenye nyumba moja mtaani Sebastopol. Mwenye nyumba, Mzee Rex, alikuwa dereva wa basi la shule. Mkewe, Olwen, alikuwa mama wa heshima zake. Tangu alfajiri alikuwa amefungua madirisha, amekung'uta mazulia, amemtoa mbwa nje na kikapu chake, ili fundi asije akasema nyumba inanuka.

"Nikapima kwenye nyumba safi, yenye upepo kama kilele cha mlima," Glenys anasema. "Kipimo sifuri. Nikaandika salama. Nikasaini. Nilipokwenda zangu, wakafunga madirisha, wakaweka nyoka mlangoni, wakawasha feni ya jikoni, wakaishi kama wanavyoishi. Wiki sita baadaye Olwen alirudi kutoka kwa dada yake, akamkuta Rex sakafuni."

Hakufa. Mungu alimnusuru. Lakini mikono inamtetemeka hadi leo, na basi hakuliendesha tena.

"Wakaguzi walisoma karatasi zangu, wakasema sina kosa. Olwen ananitumia kadi kila Krismasi. Kila mwaka! Afadhali angenitukana. Mimi ndiye niliyepima nyumba ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiishi ndani yake."

Paka anaingia, anawatazama wote, anatoka.

"Sitaki kuona aibu yako, Bi Verna," Glenys anasema. "Nataka kuona hewa yako."

Bi Verna anafumbata mikono, midomo ikicheza bila sauti. Huenda anaomba, huenda anahesabu. Kisha anasimama.

"Leith, funga madirisha. Yote. Na usinitazame."

Anaanza kazi, na anaifanya haraka, kama mtu anayeijua hata gizani. Pazia linabanwa kwa pini sita. Nyoka wanalazwa mmoja mmoja mahali pao.

"Huyu mnene ni Mweka Hazina wa kanisa," anasema bila kugeuka. "Anakaa mlango wa mbele. Huyu mwembamba ni Katibu."

"Mchungaji je?" Glenys anauliza.

"Mchungaji ana matobo. Anavujisha mchanga. Nimemweka stoo."

Anapanda juu ya kiti kabla Leith hajamzuia na kulisokomeza kwenye tundu la hewa donge la sufu la kahawia. Ni soksi za Neville, jozi mbili, zimefungwa pamoja. Anauacha mkono juu yake kidogo, kisha anashuka. Anatoa mto na blanketi kabatini na kuvitandika kwenye kochi.

"Unalala hapa?" Leith anauliza. "Tangu lini?"

"Chumbani kuna baridi. Kupasha joto nyumba nzima kwa mtu mmoja ni israfu. Saa kumi jioni nafunga hapa, nawasha hapa, nalala hapa mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Mama zetu walifanya hivyo wakatulea."

"Mama, ungeniambia."

"Ungenitafutia chumba cha Buninyong mapema zaidi."

Kumebaki jikoni. Jana jioni, Bi Verna anasema, alikuwa akichemsha supu ya mifupa, na feni ya juu ya jiko ilikuwa ikinguruma muda wote, kwa sababu Leith alimwambia asiruhusu mvuke uharibu kabati mpya. Leith ndiye aliyemtengenezea jiko hilo mwezi Aprili, likizo nzima, kwa mikono yake. Kabati nyeupe. Feni kubwa, yenye nguvu, ya bei. Na madirisha ya nyumba nzima aliyaziba nyufa kwa gundi, dirisha baada ya dirisha, ili upepo usimguse mama yake.

Mlango wa jikoni hufunguka sebuleni. Bi Verna anaweka sufuria jikoni na kubonyeza feni mpaka mwisho.

Meko bado inawaka. Glenys anawaambia wasimame karibu na mlango wa mbele, wasitoke hapo. Anawasha kijiti kingine cha moshi na kukisogeza pale pale alipokiweka mwanzo.

Moshi unapanda kiasi cha kiganja. Unasita. Kisha unageuka, unatoka kwa mbele, unapita juu ya kochi, juu ya mto, na kuelekea jikoni kwenye feni, bila haraka.

"Umeona?" Glenys anasema kwa upole. "Feni inataka hewa. Hapana mlango, hapana dirisha, hapana tundu. Basi inaivuta kupitia dohani. Kilichotakiwa kutoka nje kinarudi ndani."

Kipimo shingoni mwake kinasoma tatu. Kinasoma saba. Leith amekikodolea macho kama anavyowakodolea wanafunzi wanaokosea kujumlisha. Kumi na sita. Kioo cha dirisha kimeanza kupata ukungu pembeni. Ishirini na nne. Kengele ndogo inalia, Bi Verna anashtuka na kumshika mwanawe mkono.

"Hizo ni dakika tisa," Glenys anasema. "Wewe unakaa humu kwa saa kumi na nne."

Anafunga gesi, anazima feni, anamng'oa Mweka Hazina kwa mguu, anafungua mlango wa mbele, na wote watatu wanatoka kibarazani. Baridi inawapiga usoni. Mirjana yuko kwenye uzio wake, amevaa kanzu ya kulalia na makoti mawili, anajifanya kumwagilia maua yaliyoganda.

"Nilisema!" anapiga kelele. "Madirisha hayatoki jasho bure!"

"Umesema, umesema," Bi Verna anamjibu. "Sasa utasema mpaka Krismasi."

Kabla ya kuondoka, Glenys anakata bomba la gesi linaloingia kwenye meko, analiziba, na kubandika kibandiko chekundu cha hatari. Bi Verna anakitazama kama aliyebandikwa ni yeye.

"Kwa hiyo kichwa changu? Si kwamba kinakwenda?"

"Mimi ni fundi gesi, Bi Verna. Nenda hospitali sasa hivi wakupime damu. Waambie neno kwa neno ulichokiona. Nitawaandikia."

Damu ilipimwa mchana huohuo. Daktari alisema sumu iliyokutwa ilikuwa kidogo, lakini mtu asiyevuta sigara, aliyeshinda asubuhi madirisha wazi, hakupaswa kuwa hata na hicho kidogo. Alisema asihukumiwe kuwa anasahau kwa uzee mpaka zipite wiki kadhaa akiwa kwenye hewa safi. Bi Verna alihamia kwa Mirjana, ambako, kwa maelezo yake, hewa ni safi ila redio haizimwi.

Wiki tatu baadaye Glenys amerudi Redan. Amefunga meko mpya, yenye kioo kisichofunguka, inayovuta hewa yake nje na kutoa moshi wake nje, isiyogusa hewa ya ndani. Soksi za Neville zimetoka tunduni na kufuliwa. Ukutani kuna kengele ya sumu, na chini yake Glenys amebandika karatasi yenye tarehe ya ukaguzi ujao.

"Kengele si fundi," anamkumbusha Bi Verna. "Kengele ni ya siku fundi akikosea."

Bi Verna yuko mezani na sindano. Alitaja majina ya wajukuu wote wa Mirjana bila kuombwa, tisa, na siku za kuzaliwa. Wimbo wa kanisani umerudi, beti tatu kati ya nne. Ubeti wa nne bado, na yeye haufichi. "Labda hautarudi," anasema. "Nitanyamaza wenzangu wakiumalizia."

Anachoshona ni nyoka wa soko la hisani la mwezi wa tisa. Tumboni mwa kila mmoja anashonea kipande cha kitambaa cheupe chenye maandishi ya uzi mwekundu: *Una moto wa gesi? Mwite fundi kwanza, ndipo unilaze.* Wazo ni la Glenys. Kina mama wa kanisa walilipinga kwanza, wakisema nani atanunua nyoka anayetisha watu. Bi Verna aliwauliza kama wanataka kuuza nyoka au kuzika wateja. Wazo likapita kwa kura.

Glenys ana mpango wa kuacha kupanda mapaa baada ya miaka miwili. Magoti yamekwisha kata kauli, anasema. Lakini kila Januari, wakati simu hazilii, anataka aruhusiwe kutumia ukumbi wa kanisa, awaonyeshe watu moshi unavyogeuka njia, na kuwafundisha mafundi wapya jambo moja tu: wasipime nyumba iliyopangwa kwa ajili ya mgeni.

"Nikiwapata kumi wanaouliza nyumba ya jana jioni," anasema, "nitalala vizuri kuliko nilivyolala miaka hii kumi na minne."

Anafunga sanduku la vifaa wakati Leith anaingia kupitia jikoni. Chumba cha Buninyong alikiachia usiku uleule wa hospitali, kwa simu, akiwa kwenye maegesho ya magari. Tangu hapo amekuja kila siku, mara na mboga, mara na blanketi, mara mikono mitupu. Leo anaweka kofia mezani, anasimama chini ya feni yake na hakai.

"Fundi, nikuulize, na usinizungushe."

"Uliza."

"Feni hii niliifunga Aprili. Kichwa cha Mama kilianza kuuma Mei."

"Leith," Bi Verna anasema, "mimi ndiye niliyeziba tundu. Mimi ndiye niliyechezea magogo."

"Sikuulizi wewe, Mama. Namuuliza yeye. Ni feni?"

Glenys anaweza kutaja soksi, na masizi, na miaka tisa bila ukaguzi, na yote yangekuwa kweli. Anafuta mikono yake kwenye kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine. Anajua thamani ya karatasi inayosema huna kosa.

"Yote yalichangia," anasema. "Lakini kilichougeuza moshi ni feni. Na gundi ya madirisha. Bila hivyo, huenda moshi ungepanda juu."

Leith anaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayekubali jibu alilokuwa amelipata tayari.

"Ulikuwa unanitunza," Bi Verna anasema. Amesimama, amemmiminia chai, amemsogezea kikombe mpaka ukingoni mwa meza. "Kaa, mwanangu. Kunywa ikiwa moto."

Leith anakitazama kikombe. Anamtazama mama yake, muda mrefu, kama anayehakikisha yupo. "Nilitaka uwe salama," anasema, kisha anachukua kofia yake mezani na kutoka, chai ikiwa haijaguswa.